Mzinga Usiokuwa na Mwenyewe

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimelala porini fisi wakinusa miguu yangu, nimeuza asali Kahama hadi Mwanza, nimejenga nyumba tatu mjini Kasulu, na darasa la nne sikulimaliza. Kwa hiyo mwaka 2013, wenzangu wa sokoni walipoanza kusimulia kwamba kule Kibondo kuna watu wanakutembeza msituni kwa malipo, sikushangaa. Nilikasirika. Msitu ule nimeuingia bure tangu nina miaka tisa, nikimfuata baba na mwenge wa kufukizia nyuki. Leo nilipe elfu thelathini nionyeshwe miti? Lakini Hamisi wa duka la vitambaa akasema mbele ya watu kwamba nakataa kwa sababu ya kitambi, kilima cha kwanza tu sitakimaliza. Nikatoa pesa palepale.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka Kasulu, watu wanane ndani ya Noah ya kukodi. Barabara ilikuwa vumbi jekundu tupu. Nililalamika kuhusu kile kiingilio njia nzima, mpaka Hamisi akasema kama gari lingetembea kwa malalamiko yangu tusingenunua mafuta.

Saa nne tulifika Kitahana, tukanywa chai. Mwongozaji alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, Leokadia, Muha wa hapohapo aliyesomea mambo ya misitu chuoni. Alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," huku akipiga makofi taratibu kama walivyokuwa wakifanya mama zetu, nikalainika kidogo. Pamoja naye alikuwepo Bukuru, mrina asali wa rika langu, atuonyeshe mizinga. Wazazi wa Bukuru walitoka Burundi. Yeye kazaliwa hapa, ni raia kama mimi, na asali yake nimeinunua miaka mingi. Leokadia akatupanga mstari mmoja, akaniweka mimi mbele kabisa. Nikaona huyu binti anamtambua mkubwa. Kumbe hutangulizwa mwenye mwendo mdogo ili msafara usimwache nyuma. Hilo aliniambia Hamisi, tena kwa raha zake.

Kuanzia saa tano tulikuwa ndani ya msitu wenyewe. Hapo siwezi kusema uongo, ni pazuri. Shoka halijapita bonde lile. Kuna mti tulishikana mikono watu watano ndipo tukauzunguka, na chini yake baridi kama ya asubuhi ingawa jua lilikuwa la utosi. Mbega walituchungulia. Ila kila hatua tulikatazwa jambo: usivute sigara, usichume tunda, usipande pale. Matunda yale yamenilea mimi.

Saa saba tulishuka ukingoni mwa kijito, na hapo palikuwa na mti mkubwa umekufa wima. Gome lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina lote, urefu wa mtu, na mti umekuwa mweupe kama mfupa. Kwenye mti wa pili, juu kabisa, ulining'inia mzinga uliotengenezwa kwa gome hilohilo. Leokadia akaeleza kwamba mti ukivuliwa hivyo haushushi tena chakula mizizini, unakufa taratibu. Akasema waliokuwepo mti huu ulipoota hakuna aliye hai, na mtu mmoja kaumaliza kwa mchana mmoja, apate ndoo mbili za asali.

Hamisi akauliza ni nani huyo. Leokadia hakutaka kusema, lakini akamtazama Bukuru. Ilibidi aeleze: mizinga ya bonde lile yote ni ya Bukuru, kamati ya msitu ya kijiji imeuhesabu na huu kuwa wake, na siku ile ile jioni wanakaa kumnyang'anya kibali. Bila kibali hakuna asali, na Bukuru hana shamba la maana. Bukuru alisema mara moja tu, "Si wangu." Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Warundi hao," na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Nikaomba darubini ya Leokadia. Niliangalia vile vijiti vilivyoshona gome. Vilikuwa vimelala kushoto, vyote, mistari miwili miwili, mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa shoto. Nikaikumbuka na siku yenyewe, miaka tisa nyuma, mwaka wangu wa mwisho wa kupanda miti kabla sijaanza kununua asali ya wengine.

"Huo mzinga una nyuki bado?" nikauliza.

"Wamejaa, baba," Leokadia akasema.

"Miaka tisa, na wamejaa. Andika jina langu. Bukuru hawezi kushona hivi hata azaliwe mara mbili."

Bukuru akautazama mzinga, akatikisa kichwa. "Kweli si mkono wangu," akasema. "Mimi nisingeuelekeza mdomo kwenye upepo."

Nilimgeukia Leokadia. Nilimwambia wakati ule hakuna aliyetukataza, kila mtu alibandua, na ada za shule za wilaya hii zimetoka kwenye magome hayo. Sasa waliosoma kwa asali yetu ndio wanatuita waharibifu mbele ya wageni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hata mimi nimesomeshwa kwa magome, baba," akasema. "Mizinga thelathini ya baba yangu. Huwa nayaona yale mashina."

Nikamrudishia darubini yake, hasira zimezidi.

Saa kumi tulikaa na kamati kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti ananifahamu, nimempa mkopo wa mahindi zamani. Akanivuta pembeni akasema hakuna haja ya kuaibishana, wataandika kwamba mwenye mzinga hajulikani, niende zangu. Nikamuuliza na Bukuru je. Akasema Bukuru atabaki kama alivyo, maana lazima awepo wa kushukiwa.

"Hajulikani nani?" nikasema, kwa sauti ya kusikika nje. "Mimi, Kibondo hii, nisijulikane?"

Basi wakaniandika, jina la baba na la babu, na faini nikalipa. Nilimsimamia karani mpaka nikaona jina la Bukuru limekatwa kwa kalamu na kibali kimebaki mkononi mwake. Mzinga nimemwachia yeye, augeuze mdomo anavyotaka.

Njia ya kurudi Hamisi hakunitania. Nilichojifunza ni kwamba niliuua mti na kula asali juu yake, na sikuwahi kurudi kuutazama. Lakini bado nasema ni wizi kumlipisha mtu kwa kutembea. Faini, kiingilio, sehemu yangu ya gari na chai ya Kitahana: shilingi laki tatu na elfu tano mia tano.