Pupa Kwenye Senetwet ya Mama

Mama hakuelewa kwa nini mtu mzima na akili zake apige magoti kwenye matope kumpiga picha mdudu. Majirani walipouliza, alisema simu imeniharibu. Mimi nami ni mkaidi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai nilikuwa nyuma ya jikoni, kwenye senetwet, kile kichaka cha maua ya manjano ambacho mama huchoma matawi yake apate makaa ya kusugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa.

Wiki hiyo palikuwa na pupa kwenye tawi nene, kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda ageuke kipepeo. Pupa wa kwanza niliyewahi kumpata nilijaribu kumhamisha, akapasukia vidoleni mwangu, nikajichukia siku nzima. Huyu sikumgusa. Alikuwa kijani kama jani, amejifunga uzi mmoja kiunoni kama mchumaji chai na aproni yake.

Shida ni kwamba Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wa kumposa dada yangu, na posa bila mursik ni aibu. Mama alilitaka tawi lilelile. Mengine yalikuwa membamba.

"Nipe mpaka kesho, mama," nikamwomba.

"Na maziwa itaiva lini? Niambie wakwe nilikuwa nangoja mdudu?"

Lakini alinipa hiyo asubuhi moja.

Kulipopambazuka alikuja na panga. Ngozi ya pupa ilikuwa angavu, mabawa yakionekana ndani, yamekunjwa. Kabla sijafungua mdomo ikapasuka. Kipepeo akajitoa, ameloa, amejikunyata, akaning'inia kwenye ganda lake mwenyewe. Mabawa yakaanza kujaa, polepole, mpaka yakawa mapana na ya manjano kama dang'a ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nilipiga picha nyingi na karibu zote zina ukungu. Sijawahi kuona kitu cha ajabu namna ile, na kilikuwa hapo nyuma ya jikoni yetu. Mama aliweka panga chini. Kipepeo akaruka, akapita juu ya chai, akapotea.

Tawi sasa lilikuwa huru. Mama akaliinamisha alikate, akageuza majani kwanza, moja moja. Chini yake kulikuwa na pupa wengine wawili.

Aliwatazama kwa muda mrefu. Kazi hii ya kuchoma senetwet alifundishwa na mama yake angali msichana.

"Nimechoma wangapi mimi?" akauliza.

Akaliachia tawi, akaokota panga, akaenda kwa jirani kuomba mursik, yeye ambaye hajawahi kuazima hata chumvi.