Zamu ya Mwanaamina

Mwishehe Pazi alikuwa fundi bodi kwa miaka arobaini, na ukitaka kumuudhi mpaka leo, liite gari la baba yake mkweche. Atakununia wiki nzima. Majirani zake wa Mkuza, Kibaha, walishajifunza kulikwepa neno hilo.

Lilikuwa gari la Kiingereza la milango miwili, lililotengenezwa mwaka mmoja kabla ya vita ya Hitla. Meneja wa shamba la mkonge alipofungasha kurudi kwao, alimwachia dereva wake, Mzee Pazi, naye akalipeleka nyumbani Mzenga, upande wa Kisarawe. Boneti yake ilikuwa ndefu, madigadi yamevimba kama mashavu ya mpiga zumari. Ndani mlikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu wawili, dereva na mwenzake, basi.

Kwa hiyo watoto walipangiwa zamu, mmoja kila Ijumaa baba akienda kuswali Maneromango. Mwanaamina ndiye mkubwa, aanze yeye. Lakini Mwishehe, wakati huo ana miaka minane, aligaagaa chini kwa kilio mpaka dada yake akasema, "Mwache apande, mimi wiki ijayo." Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Ijumaa ya saba Mwanaamina alikuwa ameshajifunga kanga mpya, amesimama mlangoni, gari likagoma kuwaka. Halikuwaka tena. Baba alifariki akiwa bado anatafuta kabureta.

Gari likabaki uani, limeezekewa makuti. Mwanaamina aliolewa, akafiwa na mume, akarudi Mzenga kumuuguza mama yao. Hakuwahi kulitaja gari hilo kwa uchungu, na hilo ndilo lililomkosesha raha mdogo wake.

Alipowaachia vijana gereji, Mwishehe aliamua kulifufua. Hakumwambia mtu. Wanaume wa ukoo ule wana ugonjwa wa kupenda kushtukiza watu. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: angefika Ijumaa moja asubuhi, apige honi, amfungulie mlango na kumwambia, "Dada, zamu yako."

Basi kila alipokwenda kumsalimia mama aliondoka na kitu kimezungushiwa blanketi. Alianza na taa za mbele, ukafuata usukani, kisha milango na kile kiti kirefu. Injini iliondoka kwa pikapu. Mzenga ilibaki bodi na chesisi tu, maana vile vingine alitaka kuja kuvifunga palepale. Huko Mkuza alinyoosha milango kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, bila kupaka hata kijiko cha fila ya kuzibia mabonde. Alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari ya zamani, na walipotumiana picha za magari ya umri ule alikuwa akizikuza mpaka anaona skrubu.

Gregori, fundi injini jirani yake, alimshauri mara nyingi. "Mzee, tupachike injini ya Toyota. Mwezi mmoja tu, linatembea."

"Baba yangu hakuendesha Toyota," alijibu.

Ubishi huo ulimgharimu miaka sita. Angekubali, dada yake angekuwa ameshafika Maneromango na kurudi mara mia.

Mwaka huu mama yao alifariki. Siku ya mazishi Mwishehe aliliona gari liko mahali pake chini ya makuti. Wiki nne baadaye kabureta ikapatikana Moshi. Aliona arobaini ndiyo wakati wenyewe, ndugu wote wapo. Alipakia kila kitu kwenye pikapu, Gregori akashika usukani, wakapitia Mlandizi.

Walikuta turubai limeshafungwa na mikeka imetandikwa. Pale palipokuwa na gari pamemwagwa mchanga mpya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari."

"Gari la baba liko wapi?"

"Wa vyuma chakavu walikuja juzi, wakalikata. Turubai lisingeenea." Mwanaamina alimtazama kwa mshangao. "Si ulishachukua vyako? Kila ukija unaondoka na kipande, mpaka injini. Nikajua hayo mengine umeyatupa."

Mwishehe alikaa kwenye dua, akaitikia amina pamoja na wenzake, na sahani ya pilau ikapoa mbele yake. Watu walipotawanyika, yeye na Gregori walishusha kile kiti, wakakiweka juu ya mchanga. Kilikuwa kimeshonwa upya kwa ngozi nyekundu.

"Kaa, dada."

Mwanaamina alikaa upande wa abiria, Mwishehe upande wa dereva. Hapo ndipo alipomweleza yote, habari za Ijumaa, honi na zamu.

Dada yake aliipapasa ile ngozi kwa muda mrefu. Kisha, mwanamke ambaye hakuwa amelia mbele ya wageni siku nzima, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Ungeniambia," alisema. "Ningelala juu yake wasilikate."

Mwishehe aliinama, akalia kama alivyolia akiwa na miaka minane. Safari hii dada yake hakuwa na zamu ya kumwachia.