Udongo wa Wenye Mimba

Séphora alimwonea Tamar kijicho, na hakujisumbua kujidanganya kwamba ni kitu kingine. Yeye ndiye aliyetangulia katika karakana ile ya Butembo, akitengeneza matofali ya vitundu kwa ajili ya bomba la moshi la kiwanda cha sabuni kule Beni. Kila tofali lilitiwa kichocheo, dawa ya kuusafisha moshi. Na kila tofali la Séphora lilikufa mapema, kwa kuwa kiwanda kinachoma kuni, na chumvi ya majivu ya kuni huigandamia dawa hiyo na kuitia sumu.

Akaja Tamar, juzijuzi tu, akakanda tofali lake, likapelekwa Beni, likaishi. Chef Zacharie, mkuu wa karakana, akamsifu mbele ya wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Séphora alijiambia, akakaa akiyangojea hayo maji. Hayakuja. Lililokuja ni tumbo: Tamar alikuwa mjamzito, naye Séphora ameolewa miaka nenda miaka rudi bila mtoto. Roho ikamwuma maradufu.

"Unatiaka nini mule?" alimwuliza siku moja, akijifanya kucheka.

"Ya Séphora, dada yangu, sijue hata mimi," Tamar alijibu, akitafuna udongo mweupe, ule ambao wenye mimba hununua sokoni. "Nafanyaka tu sawa weye."

Makombo ya ule udongo yalikuwa yakimdondoka juu ya donge la tofali, na yeye anakanda tu. Séphora akayatazama, akaelewa. Udongo ule ndio ulioinasa chumvi kabla haijaifikia dawa. Mtu mwema angesema. Séphora alichukua kikapu akaenda sokoni.

Muuzaji, mama mmoja wa Musienene, alimtazama tumboni, akatabasamu.

"Félicitations, hongera mama. Hii kipande nakuongezea, ni ya mutoto."

Séphora hakumsahihisha. Angesema nini, kwamba ni ya bomba la moshi? Alirudi tena na tena, na kila mara akapewa nyongeza.

Tofali lake lilishuka Beni, likadumu kuliko la Tamar. Chef akampa mkono mbele ya wote, na Tamar akapiga makofi kwa moyo mweupe, jambo lililomkera Séphora kuliko matusi. Hata hivyo alirudi nyumbani akiimba.

Mlangoni alimkuta mama mkwe wake, ametoka Musienene na kuku na mfuko wa viazi, machozi ya furaha yakimtiririka.

"Nilisikia habari ku soko," alisema, akimsogezea kigoda. "Miaka yote niliomba. Ikala, mutoto wangu, hapana kubeba kitu. Kuku hii ni ya supu yako."

Alimpokonya kikapu, akaona ndani yake kipande cha nyongeza. Akakitoa kwa mikono miwili, akampa.

"Kula."

Séphora akala, na hajawahi kumwonea Tamar wivu kama jioni ile.