Baragumu Lililoita Kijiji Kizima Kwenye Maandazi

Alfajiri hii Mhezi haionekani. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Shengena ukafunika migomba, njia na hata mlango wa jirani. Kitu pekee kinachomjulisha mgeni kwamba amefika kijijini ni harufu ya iliki.

Ukiifuata harufu hiyo bila kuteleza, utamkuta Rogathe Kajiru amechuchumaa mbele ya mafiga, amejitanda kanga mbili juu ya sweta la mumewe. Anadondosha kidonge kidogo cha unga kwenye karai. Kinazama, kinaibuka, kinaanza kuzunguka chenyewe.

"Mafuta yako tayari," anasema. "Ndugu mwandishi, sogea nyuma kidogo. Yakikurukia usoni nitapata wapi gazeti jingine la kuniandika?"

Anakaanga haraka. Saa moja na nusu anatakiwa awe kwenye zahanati, ambako amekuwa mfagiaji kwa miaka sita sasa. Hapo kati inabidi auze maandazi na birika zima la chai kwa watu wanaokwenda mashambani, awaamshe watoto, na anawe unga uliomganda hadi kwenye nyusi. Siku moja moja hukumbuka kunawa.

Kazi ya zahanati inamlipa shilingi tisini kwa mwezi. "Mshahara unafika, tunasalimiana, unaaga," anasema. Mumewe, Elirehema, ni kibarua wa mkonge huko tambarare, naye hutuma fedha kwa mkono wa wapita njia. Kwa bahati mbaya, njia ya kupanda Mhezi haina wapita njia wengi, na wanaopita hawapiti kilabu cha pombe bila kuingia.

Mwaka jana, 1971, Rogathe aliuza kuku mmoja na kikapu cha maharage, akapata shilingi kumi na mbili. Huo ndio ukawa mtaji. Alinunua unga wa ngano, sukari, hamira, mafuta na chai kidogo. Karai aliazima kwa jirani yake, Bibi Hedwiga, kwa sharti kwamba andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta ni la mwenye karai. Sharti hilo mpaka leo linatekelezwa bila kukosa.

Jumamosi hii mkutano wa kijiji utaamua hatima ya biashara hiyo. Rogathe ameomba kiwanja kidogo kando ya ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yagawanywe mashambani. Watu hukaa pale tangu alfajiri, wakitetemeka, kila mmoja akingoja zamu yake ya maji. Mahali pazuri zaidi pa kuuza chai ya moto hapapatikani katika wilaya nzima ya Pare.

Akipewa, atajenga kibanda. Akikataliwa, ataambiwa afunge kabisa, kwa maana wapo wanaosema kwamba maandazi ya mtu mmoja hayana nafasi katika kijiji cha Ujamaa.

"Nikifunga, narudi kwenye zile tisini," anasema Rogathe. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, hacheki.

Hapa inafaa wasomaji wajue kwamba mwandishi wa gazeti hili hakuwa ametumwa kwa Rogathe. Alitumwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Fanueli Mshana. Habari zilikuwa zimefika mpaka Same kwamba Ndugu Fanueli aliwaita wananchi wake kwa baragumu moja tu, nao wakaja wote, wakazibua na kupanua ndiva iliyokuwa imejaa matope, wakamaliza kwa asubuhi moja. Vijiji vingine vilikuwa vikiulizwa kwa nini haviwezi kufanya hivyo.

Mwenyekiti alimpokea mwandishi vizuri sana. Alieleza umuhimu wa uongozi bora. Ila kila alipoulizwa aliwezaje kuwaamsha watu wote hao, alikohoa na kuagiza chai. Chai ililetwa na Rogathe. Mwenyekiti alipoondoka, Rogathe akakaa.

"Nitakueleza ukweli," alisema, "ila usiandike kabla ya mkutano. Siwezi kumtisha mtu kwa siri yake. Wakinipa kiwanja, nataka wanipe kwa sababu chai yangu inanyweka."

Na ukweli wenyewe ni huu.

Siku Rogathe alipoanza biashara, maandazi yaliiva vizuri, chai ikachemka, na hakuna aliyekuja. Nyumba za huku hazikukaa pamoja. Hii iko juu ya mgongo wa kilima, ile iko ng'ambo ya korongo, na ukungu ukishuka mtu hajui jirani yake kama yupo au amehamia Tanga. Aliita, sauti ikaishia migombani. Siku iliyotangulia alikuwa amemwomba mchungaji ampigie kengele ya kanisa, mara moja tu, kidogo. Mchungaji alimwuliza kama nyumbani wote ni wazima.

Ndipo akakumbuka baragumu la babu yake, pembe ya tandala iliyokuwa ikining'inia darini pamoja na mahindi ya mbegu.

Kila Mpare anajua baragumu ni la msaragambo. Likilia, unaacha ulichoshika, unachukua jembe, unakwenda kwenye kazi ya wote, iwe mfereji, njia au ndiva. Rogathe naye alijua. Lakini alijipa moyo kwa hoja iliyomtosha mwenyewe: msaragambo hutangazwa jioni ya kuamkia kazi, na jioni ile hakukuwa na tangazo. Basi watu wangesikia, wangeshangaa, wangechungulia, na anayechungulia maandazi ya moto ameshakwisha.

Alipuliza. Hakuwahi kupuliza baragumu maishani. Mara ya kwanza ilitoka hewa tupu, mara ya pili mate. Mara ya tatu ukatoka mlio uliomtisha hata mpulizaji.

"Nilifurahi," anakumbuka. "Nikapuliza tena, na tena. Halafu nikapanga vikombe."

Walitokea kwenye ukungu wakikimbia, wanaume kwa wanawake, wengine nguo hazijakaa sawasawa, na kila mmoja ana jembe begani. Uwanja ukajaa. Wakamtazama Rogathe, Rogathe akawatazama wao, amesimama na birika mkononi.

Ndugu Fanueli alifika wa mwisho, akifunga vifungo vya shati. Mwenyekiti huyu alikuwa amehangaika na ile ndiva kwa majuma mengi. Kila alipopiga baragumu, walikuja wazee watatu na mbwa. Sasa anakuta kijiji kizima kimesimama na majembe, na hajui kimeitwa na nani.

Alifumba macho kidogo, kama mtu anayeomba kabla ya kula. Kisha akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu wananchi," alisema, "nawashukuru kwa kuitikia mwito wangu."

Hotuba haikuwa ndefu. Ilipokwisha, watu waliangalia majembe yao. Aliyebeba jembe kwa mlio wa baragumu harudi nalo nyumbani likiwa safi. Ni aibu ambayo ukoo wako utakumbushwa mpaka harusini. Basi wakaelekea kwenye ndiva wakaanza kazi.

Lakini ipo desturi nyingine, na hii ndiyo iliyommaliza Rogathe. Nyumba ambako baragumu limelia ndiyo inayowalisha wafanyakazi. Yalikwenda maandazi yote. Ikaenda chai, ikaenda sukari iliyobaki, na unga wa siku ya pili ukakorogwa uji. Kufikia mchana, ndiva ilikuwa inang'aa, na mtaji wa shilingi kumi na mbili ulikuwa matumboni mwa wajenga taifa.

"Nililia," anasema Rogathe. "Nilikaa hapa hapa nikalia, karai la watu likiwa tupu."

Kesho yake alfajiri mtu akabisha hodi kuuliza kama yale maandazi ya jana yapo. Akaja mwingine, kisha mwingine. Rogathe alikimbilia kwa Bibi Hedwiga kukopa unga, na tangu siku hiyo karai halijapoa. Wafanyabiashara wa mjini wangesema alifanya matangazo. Yeye anasema alifanya hasara, Mungu akaingilia.

Leo andazi ni senti kumi na kikombe cha chai ni senti ishirini. Akitoa gharama, anabakiwa na kama shilingi arobaini kwa mwezi. Zimemnunulia binti yake Eliakunda sare ya shule na blanketi, na Rogathe karai lake mwenyewe, ingawa andazi la kwanza bado ni la Bibi Hedwiga. "Siku nilipomwambia nimenunua langu, alisema amesikia, na akaendelea kungoja."

Jumamosi inafika. Mkutano unafanyika kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye majani, Rogathe amekaa nyuma akisokota ncha ya kanga.

Anayesimama kupinga ni Asheri, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana mwembamba anayelipenda sana neno "misingi".

"Ndugu mwenyekiti, leo ni birika moja," anasema. "Kesho hoteli. Keshokutwa ameajiri mtu wa kumwoshea vikombe. Mirija ya unyonyaji huanza hivi hivi."

Rogathe anaombwa ajibu. Anasimama taratibu.

"Kuni nakata mwenyewe, nakaanga mwenyewe, vikombe naosha mwenyewe," anasema. "Kama kuna mtu ninayemnyonya, ni Rogathe. Na wewe mwalimu, jana ulikula manne."

Watu wanacheka, lakini Asheri hakubali kushindwa kwa maandazi manne. "Hilo ni jambo la njaa, mimi nazungumzia misingi," anasema. "Ndiva ile ilizibuliwa kwa jasho la wananchi, kwa mwito wa mwenyekiti wetu, si kwa mwito wa mfanyabiashara. Iweje mfanyabiashara ndiye avune?"

Baadhi ya watu wanatikisa vichwa kukubali. Ni hoja nzuri. Rogathe anafungua kinywa, anamtazama Ndugu Fanueli, kisha anakaa chini.

Mwenyekiti anavua kofia. Anaivaa tena.

"Siku ile," anasema, "mimi sikupiga baragumu. Nilikuwa nimelala. Alipiga Mama Eliakunda, anauza maandazi yake. Mimi nilikuta watu, nikahutubia."

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuandika juu ya uongozi bora, anaacha kuandika. Kisha sauti ya kizee inatoka pembeni, ni Bibi Hedwiga.

"Kaa mwanangu. Tulijua."

"Shikamoo, Bibi," anasema mwenyekiti.

"Marahaba. Wewe tangu lini ukapiga baragumu jua halijatoka? Na lile lililia kama ndama aliyekabwa. Hakuna mwanamume hapa anayepuliza vile."

"Sasa kama mlijua, mlikuja na majembe ya nini?" anauliza Ndugu Fanueli.

Bibi Hedwiga anamtazama kama mtu anayeuliza mvua inatoka wapi.

"Mvua ilikuwa haijakatika juma zima. Nyumba ya huyu binti iko chini ya ukingo wa kilima, mume wake yuko kwenye mkonge. Tulisema ukingo umeporomoka. Tulisema wamefukiwa, na aliyebaki na pumzi anapuliza kuomba msaada. Majembe yalikuwa ya kuwafukua."

Hakuna anayecheka sasa.

"Tukamkuta amesimama na birika," anaendelea bibi. "Tuliona haya kumwambia tulivyolia njiani. Wewe ulipokuja na hotuba yako tulishukuru, maana tulipata pa kupeleka majembe. Na aliyefika wa kwanza kabisa, hana hata viatu, ni huyu huyu Asheri."

Rogathe amejifunika uso kwa kanga. Asheri anatazama vidole vyake vya miguu kana kwamba amevikuta leo.

"Kiwanja apewe," anasema hatimaye, kwa sauti ambayo haina msingi hata mmoja. "Ila ajiunge na ushirika."

Mikono inanyooshwa. Mwenyekiti anaanza kuihesabu, kisha anaacha, kwa sababu iliyobaki chini ni ya watoto wachanga tu.

Kabla ya kufunga mkutano, linaongezwa jambo moja. Ukingo ulio nyuma ya nyumba ya Rogathe utachongwa na kuwekwa mawe kabla ya mvua za vuli. Utaitwa msaragambo, utatangazwa jioni kama inavyotakiwa, na baragumu litapigwa na Ndugu Fanueli mwenyewe, ambaye ameahidi kuamka.

Jioni mwandishi anamkuta Rogathe ananyoosha kamba kwenye kiwanja chake kipya, anapima kibanda. Mlango utaelekea kwenye ndiva, benchi litakaa upande usio na upepo. Anatarajia kuanza kuuza hapo mwezi ujao, na Mungu akijalia, mwakani aongeze supu ya maharage, ili hata mwenye zamu ya mwisho ya maji asikae na njaa.

Anakumbushwa kwamba kabla ya hapo kuna kazi ya ukingo, kwamba baragumu litalia kwenye nyumba yake, na kwa desturi ni yeye atakayewalisha watu wote wale.

"Najua," anasema. "Watanifilisi tena."

Anaifunga kamba kwenye kigingi, anaikaza, anajaribu kama imeshika.

"Waje tu," anasema. "Waje wote."