Walinishukuru kwa Ng'ombe Waliyekwisha Kumchinja

Kwenu wasimamizi wa ukurasa huu, na kwenu wasomaji ambao wengi mngeweza kuwa wajukuu zangu, nawasalimu kwa heshima zote. Ni matumaini yangu kwamba hamjambo, na wazee wenu nyumbani hawajambo. Mniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikusudia kuwaandikia tangu mwezi uliopita, lakini kila niliposhika kalamu niliona haya. Naomba jina langu lisitajwe.

Nina miaka sabini na minane, nami ni mgane. Nilikulia Burundi, nikasomeshwa na mapadre huko Kigoma, ndiyo sababu Kiswahili changu kinanuka chaki, mnisamehe. Sasa naishi upande wa Kabuga, pembezoni mwa Kigali. Hatukujaliwa watoto. Marehemu mke wangu aliniachia imani yake na mtamba mmoja wa ng'ombe, wa rangi ya hudhurungi, aliyemwita Gaju.

Mwaka jana, Noeli ilipokaribia, parokia yetu iliomba matoleo ya kufunga mwaka kama ilivyo kawaida. Mwenyekiti wa kamati ya matoleo ni rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Venansi. Si rafiki wa salamu tu. Mke wangu alipolazwa, tulipokezana kukesha kando ya kitanda chake. Venansi alinijia nyumbani akasema, "Muzehe mwenzangu, wale masista wanaolea watoto wenye utapiamlo hawana maziwa. Mwaka huu tutoe kitu ambacho Mungu mwenyewe atageuka kukitazama."

Nilimtoa Gaju. Alikuwa na mimba, na nilimwambia Venansi hivyo nilipomkabidhi kamba mbele ya kanisa. Wanakwaya waliimba, kina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikiona kwamba mke wangu naye ametoa.

Baada ya Noeli paroko wa wakati ule aliwaalika wafadhili chakula cha mchana, pamoja na wageni waliotoka jimboni. Niliketishwa meza ya mbele. Ililetwa mishikaki, nami, kwa adabu na pia kwa sababu ilikuwa kweli, nikaisifu. Venansi alicheka, akaniongezea miwili.

Kwetu Rwanda, aliyepewa ng'ombe humrudia aliyempa akiwa na pombe ya kushukuru. Huitwa gukura ubwatsi. Naye aliyetoa hafuati nyuma kumchungulia ng'ombe wake, maana huko ni kujutia zawadi. Hukaa akangoja kuletewa habari. Basi nilikaa. Mwaka ulipoanza, Venansi alikuja na wanakamati wawili na mtungi wa pombe ya ndizi. Alisimama, akavua kofia, akashukuru kwa jina la parokia. "Gaju amezoea," alisema. "Masista wanamsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi wanakamati." Tulicheka, tukanywa. Kabla ya Pasaka aliniletea habari kwamba Gaju amezaa jike. Nililia mbele yake, wala sikuona aibu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa masista kumjulia hali mgonjwa wa jumuiya yetu. Nikaona kwamba, kwa kuwa nimekwisha kufika, si kosa kumsalimu ndama. Sista mkuu alinitazama kwa mshangao. "Ng'ombe, Papa? Hapa tuna sungura tu, na hao hawakamuliki." Alitaka kucheka, lakini alipouona uso wangu akaniletea kiti.

Nilimkuta Venansi nyumbani kwake, akinyoa ndevu.

"Gaju yuko wapi?"

Hakuuweka chini ule wembe. "Muzehe, keti kwanza."

"Nimeketi vya kutosha kwa masista."

Basi akasema. Wageni wa jimbo walikuwa wengi, chakula kilikuwa kidogo, kamati ikaogopa kuaibika. "Na wewe ulikula. Tena ulisema nyama ni laini."

"Alikuwa na mimba, Venansi."

"Iliniuma, nakuapia. Lakini ulimpa Mungu, si mimi. Mtu akitoa, ametoa."

"Na yule ndama uliyenizalishia?"

Hapo aliuweka wembe chini, akanijibu kwa upole, kama mtu anayenionea huruma: "Nilitaka ufurahi, kaka. Ulikuwa peke yako."

Wasomaji wapendwa, kumchinja kunaniuma, lakini pengine ningeweza kukumeza kwa sala. Nisichoweza kukimeza ni ile pombe. Alisimama ndani ya nyumba ya mke wangu, akashukuru kwa uhai wa mnyama niliyekuwa nimekwisha kumla.

Sasa mwaka unaisha tena. Venansi bado ni mwenyekiti. Paroko mpya, ambaye hajui lolote, ameniomba nisimame Jumapili ijayo baada ya komunyo niwahimize waumini watoe, kwa kuwa, asema, neno langu lina uzito. Nikisimama, nitawapeleka watu kwenye mikono ileile. Nikimweleza paroko, nitamvunja mtu aliyemfumba macho mke wangu alipokata roho, na pengine watu wataacha kutoa kabisa, na watoto wale wa masista hawana kosa. Nikinyamaza nyumbani kwa kisingizio cha ugonjwa, nitakuwa nimeongeza uongo wangu juu ya wake. Na jirani yangu Mama Klemansia, mjane anayeuza mboga, ameniambia kwamba akinisikia nikihimiza, atatoa mbuzi wake. Hana mwingine.

Kwa unyenyekevu nawaomba, ninyi mliosoma na mlioona mengi: mzee kama mimi afanye nini kabla ya Jumapili?

Mimi sina simu ya kisasa. Barua hii ataichukua Mama Klemansia mwenyewe, ampelekee binti yake anayefanya kazi Kimihurura, naye ataipiga chapa na kuituma kwenu. Nimeifunga kwa gundi. Hakuniuliza ndani mna nini. Amesema maneno yangu anayajua.