Ofisi Iliyohamia Sebuleni Kwangu

Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza programu za kompyuta za kuendeshea maduka, na hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa. Kazi yangu ni kupokea simu za wenye maduka wanapokwama. Zamani tulikuwa na ofisi hapa Mwanza mjini, ghorofani, yenye viti vizuri na jenereta. Siku moja meneja akatuita akatuambia inafungwa. Viti vikauzwa, jenereta likabebwa.

"Mtafanyia kazi nyumbani," alisema. "Furahini, mmepata uhuru."

Uhuru gani! Nakaa Mabatini, nyumba ya kupanga. Meza ya kulia chakula ikageuka ofisi. Kompyuta nilinunua mwenyewe, intaneti nalipia mwenyewe, hata betri ya kunisaidia umeme ukikatika ni yangu. Nilipouliza kama kampuni itachangia, nilijibiwa kwamba vifaa vya nyumbani kwa mtu ni juu yake.

Nilivumilia mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Muleba, na mikungu yake ya ndizi. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje hapa?"

Kabla sijamjibu, simu ya mteja ikaingia. Nikaweka kidole mdomoni. Mama wa watu, mgeni wangu, nikamnyamazisha kama mtoto kanisani.

Tangu hapo akawa ananyata. Sufuria aliitua taratibu kana kwamba ndani ya nyumba kuna mgonjwa. Redio yake hakuigusa. Mwishowe alimwambia mume wangu, nami nikiwa palepale, "Nipeleke kwa dada yako Usagara. Kule nitaweza hata kukohoa." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Baada ya wiki chache ukaja mkutano mkuu wa wanahisa, tukaufuatilia mtandaoni. Sisi wafanyakazi tuna vihisa vyetu vichache, kwa hiyo tunaruhusiwa kuingia. Mkurugenzi akaonyesha hesabu za mwaka.

"Tazameni hapa," alisema, uso umemng'aa. "Majengo, mitambo na vifaa, ukishatoa uchakavu, thamani yake ni ndogo mno. Kampuni yetu ni nyepesi. Hatubebi mizigo."

Watu wakapiga makofi. Niliomba nafasi, nikapewa.

"Mheshimiwa mkurugenzi," nikasema, "hiyo mizigo haijapotea. Ipo sebuleni kwangu. Kompyuta mnayofanyia biashara nimeinunua mimi, na umeme wake nalipa mimi. Wazazi wanahama nyumbani kwangu ili ninyi muonekane wepesi. Hayo mbona hamjayaonyesha?"

Mkurugenzi akasema, "Asante, dada, kwa maoni mazuri. Swali linalofuata?"

Maoni mazuri! Nilitamani kuitupa ile kompyuta dirishani.

Meneja alinipigia kabla mkutano haujaisha. "Umenidhalilisha mbele ya wakubwa."

"Nimesema uongo gani?"

Akarudia kwamba nimemdhalilisha.

"Basi kuanzia Jumatatu," nikamwambia, "kompyuta yangu ni ya wanangu kusomea. Nileteeni ya kampuni."

"Unanitishia?"

"Naomba kifaa cha kazi, bosi. Fundi seremala akiajiriwa kiwandani, haji na mashine ya kuranda kutoka kwao."

Jumatatu sikuingia kazini. Nilikaa kwenye meza ileile, mikono mapajani, nikijua naweza kufukuzwa. Mume wangu hakunilaumu, ila aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Wenye maduka walipiga simu zikakosa mpokeaji, nao wakahamia kumpigia meneja. Jumatano dereva akaniletea kompyuta ya kampuni, kuukuu lakini inafanya kazi.

Jioni meneja akapiga tena, safari hii kwa sauti ya upole. Aliniomba nisiwaambie wenzangu, maana vifaa havitawatosha wote.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikakata simu, nikawapigia wenzangu mmoja baada ya mwingine, nikawaambia wote.