Majina Ndani ya Pindo

Ukiingia ukumbini tu, mkono wa kushoto, wametundika ubao wa historia ya chuo. Herufi ni za dhahabu. Waasisi wapo, wafadhili wapo, na wenyeviti wa bodi wapo wote, hata yule ambaye hakukumbukwa kwa lolote isipokuwa kusinzia vikaoni. Lakini jinsi chuo kidogo cha wanawake kilivyogeuka kuwa chuo kikuu cha kila mtu, hilo limepewa sentensi moja: "Mabadiliko yalipokelewa kwa furaha." Mimi nafanya kazi maabara hapahapa. Naupita ubao huo kila asubuhi, na kila asubuhi nakasirika upya. Mama mkubwa hayumo.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa fundi cherehani wa chuo. Wasichana walimwita Mama Pindo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dobi, chenye dirisha moja lililotazama kamba za kuanikia, cherehani ya kukanyaga, na meza ya kukatia yenye alama ya pasi aliyoisahau siku fulani akipiga soga. Alishona mapazia, mashuka na aproni za maabara. Ila kazi aliyoiona kuwa kazi hasa ilikuwa majoho ya mahafali.

Chuo hakikuwa tajiri. Majoho yalinunuliwa mara moja tu, chuo kilipoanza, na kila mwaka wahitimu waliyavaa na kuyarudisha. Yalikuwa na pindo pana, karibu kiganja kizima, maana aliyeyashona hakujua wasichana watakaokuja watakuwa warefu kiasi gani. Na ndani ya pindo hilo ndimo walimoishi watu. Siku moja kabla ya mahafali, wahitimu walikuja kwa Mama Pindo, wakaketi chini na majoho mapajani, na kila mmoja akadarizi jina lake kwa uzi mweupe upande wa ndani wa pindo, chini ya jina la aliyelivaa mwaka uliotangulia. Nje huoni kitu. Ndani, umati.

Mama mkubwa aliirithi desturi hiyo kwa fundi aliyemtangulia, naye akaishika kama sheria. Kuna waliofika siku hiyo hawajawahi kushika sindano maishani. Kemia wanaijua, falsafa wanaijua, kutia uzi kwenye tundu kunawatoa jasho. "Shahada unayo, kifundo huna," aliwatania, na chumba kizima kikacheka. Kwenye jambo moja tu hakuwa na mzaha: joho lirudi likiwa zima kuliko lilivyochukuliwa. Kama lina mchaniko, tia kiraka. Kama kifungo kimelegea, kaza. Aliyerudisha joho na dosari alikula maneno mpaka akajuta kuzaliwa.

Mwanawe wa pekee alisoma hapo. Mimi namwita dada. Alikuwa mtu wa mashoto, na alipodarizi jina lake herufi zote zililala upande, kama zinasukumwa na upepo. Mama yake akamwambia afumue aanze upya.

"Liache, Mama," dada akasema. "Wote watajua ni mimi."

Asubuhi ya mahafali kifungo cha ukosini kilimkatikia. Mama mkubwa akapekua kopo la vifungo kwa haraka, akakosa cha kufanana, akashona alichokiona. Vya majoho yote vilikuwa na matundu manne. Hicho kilikuwa na mawili. Dada akapanda jukwaani, akapokea shahada yake, na kabla mwaka haujageuka akafa akijifungua. Mtoto naye hakukaa.

Picha zake zipo. Lakini picha, mama mkubwa aliniambia, ni kazi ya mpiga picha. Lile jina lililolala ndani ya pindo ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho dada alikifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwaka alilitoa joho hilo kabatini, akampa msichana aliyempendeza alivae, akakaa nyuma ya ukumbi kulitazama likipanda jukwaani. Hakumwambia yeyote ila mimi. Aliogopa waseme fundi ana upendeleo.

Kisha wasichana wakaanza kupungua. Vyuo vikubwa viliwavuta, na chetu maji yakakifika shingoni. Bodi ikatuita ukumbini ikatuambia kwamba chuo kitakuwa chuo kikuu na wavulana watapokelewa. Wanafunzi walilia. Walimu wengine nao walilia, kisha wakafuta machozi wakaomba vyeo vipya. Mwenyekiti akasema hakuna kitakachobadilika ila jina. Maneno matamu hayo. Yalipokelewa kwa furaha na yeye mwenyewe.

Vijana wenyewe siwalaumu. Walikuja na masanduku yao na haya zao, wakampa mama mkubwa shikamoo, wakamletea suruali zilizochanika. Aliwapenda. Kumbe kisu kilikuwa kinanolewa upande mwingine.

Mahafali ya kwanza ya mchanganyiko yalipokaribia, walijaribu majoho. Yakawaishia vijana chini kidogo ya magoti. Msajili, bwana nadhifu aliyeletwa kutoka chuo kingine, akaja kwenye chumba cha ushonaji, akagusa pindo, akafurahi.

"Kumbe kuna kitambaa cha kutosha humu. Fumua, shusha, maliza. Yote yawe urefu mmoja."

"Kuna majina ndani, bwana msajili."

"Si ndani?"

Mama mkubwa akamwonyesha. Pindo likishushwa, kilichokuwa ndani kinakuja nje. Majina yote yangeonekana, meupe juu ya cheusi, kila mtu ayasome. Akaomba aunganishe kitambaa kingine chini, majina yabaki yalipo. Msajili akasema kiraka chuo kikuu ni aibu. Majina yafumuliwe.

Aliomba sana. Mwishowe akaomba joho moja tu, la kuvaliwa na msichana mfupi, liachwe kama lilivyo. Msajili hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Moja halina neno," akasema. "Chagua mwenyewe."

Sasa, kuna jambo mama mkubwa alilificha hata kwangu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Cherehani aliiendesha kwa mazoea, vitambaa alivijua kwa vidole. Kusoma jina lililodariziwa hakuweza tena. Angelisema hilo, angemwaga unga, au ndivyo alivyoamini. Na hakuona sababu ya kusema. Joho la mwanawe lilikuwa na kifungo cha matundu mawili. Ukosi mmoja, kidole kimoja, basi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetumwa mafunzoni mji mwingine. Alifanya kazi peke yake, dirisha likiwa wazi. Alichukua joho, akapapasa kifungo. Manne. Akafumua majina kwa ncha ya wembe, akishika kila uzi kwa ukucha, akashusha pindo, akashona jipya jembamba, akaweka kitambaa kibichi na kupiga pasi mpaka pakawa laini. Kisha lingine. Wasichana aliowafundisha kutia nyuzi zile, sasa yeye mwenyewe anazitoa. Alinisimulia baadaye kwamba alijikaza kisabuni, akajiambia: haya yote yaende, mradi lile moja lisalie. Rundo likawa linapungua, na hakushtuka. Alidhani liko chini kabisa.

Niliporudi, nilipitia kumsalimu. Nikamkuta sakafuni, majoho yote yametolewa kwenye viango na kumzunguka, mkono wake uko kwenye ukosi.

"Mama, vipi tena?"

"Halipo," akasema. "La dada yako halipo."

Nikacheka kidogo, nikidhani amechoka. "Litaenda wapi? Tutasoma majina."

"Majina gani, mwanangu?"

Nilifunua joho moja baada ya jingine. Kila moja safi. Nikayapeleka dirishani nikatafuta matundu ya sindano, maana uzi ukikaa miaka kwenye kitambaa huacha njia yake. Hakuna. Ule mvuke na ile pasi ya mkono wake vilikuwa vimeziba kila kitu. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa nyuzi nyeupe, vipande vifupi vifupi, vya wote pamoja. Akauvuta, akaingiza mkono, akaniuliza kama naweza kuutambua wa dada. Nilimwambia siwezi. Akaendelea kuuvurugavuruga tu.

Jibu lilikuja siku chache baadaye, tena kwa miguu yake. Yule aliyekuwa kiranja wa darasa la mwisho la wasichana pekee sasa anafanya kazi maktaba. Aliposikia Mama Pindo anaulizia kifungo, akaja mbio, uso umemng'aa.

"Ni mimi, Mama. Nilipewa joho lenye kifungo kisichofanana na vingine. Nikaenda dukani nikatafuta cha matundu manne mpaka nikakipata. Ulisema lirudi likiwa zima kuliko lilivyochukuliwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkubwa akanyoosha mkono, akaupata mkono wa yule msichana, akaupigapiga.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ndivyo nilivyowafundisha."

Hakumwambia. Mimi pia nimenyamaza, na msichana wa watu hajui mpaka leo.

Siku ya mahafali mama mkubwa aliniomba nimpeleke. Tukakaa nyuma, mahali pake pa siku zote. Wavulana na wasichana wakapita, wamependeza, wazazi wakishangilia. Chini ya kila joho palikuwa na mkanda mweusi kuliko sehemu nyingine, ile sehemu iliyokuwa imekunjwa miaka yote bila kuona jua. Mimi niliuona. Yeye hakuona hata majoho. Alikuwa amegeuza uso kuelekea jukwaani, anasikiliza majina ya watu wengine yakiitwa.

Walipomaliza, msajili alikuja mpaka tulipokaa, akainama kumshika mkono.

"Mama Pindo, umetutoa kimasomaso. Kazi safi kabisa. Mtu hata akitafuta, hawezi kujua kama kuliwahi kuwa na kitu."

"Najua," mama mkubwa akasema. "Nimetafuta."

Msajili akatabasamu, akaenda kuwasalimia wafadhili. Mama mkubwa akaniomba nimshike mkono twende nyumbani, na kwenye kile chumba cha nyuma ya dobi hakurudi tena.